Aliyeomba Mahari Getini Kwangu

Mwaka 1970, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki kule Karagwe tulikokuwa wakimbizi, nikaachiwa mama, wadogo zangu na baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na breki. Shule niliiacha darasa la tatu, wala yenyewe haikunililia. Nilisukuma mikungu ya ndizi kwenye changarawe mpaka nyayo zikawa ngumu kuliko tairi, na kila jioni nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: lami. Nawaambieni haya mapema, wasomaji wangu, ili mnielewe ninaposema kwamba wiki iliyopita amefariki mtu niliyemwona mwendawazimu tangu siku ya kwanza. Yeye, mwenye akili zake timamu, lami imejaa Kigali nzima, alikuwa anaamka Jumamosi kwenda kuitafuta changarawe. Hakuanguka bondeni, kama mnavyodhani. Alikufa kitandani, usingizini, kama watu wasiojua kupanda baiskeli. Nadhani hilo lingemuudhi.

Kazi yake ilikuwa kutafuta njia. Watu wa maofisini, Wakenya na Watanzania wa Kimihurura, na Wanyarwanda wenzetu waliokulia Kampala, walimlipa awapitishe na baiskeli kwenye misitu na mabonde, mbali na magari. Aliwatoa Nyamirambo, akawazungusha mlima Kigali chini ya misonobari, akawateremsha hadi kwenye miwa ya bonde la Nyabarongo, kisha akaanza kuwapandisha upya huku akiwadanganya. "Kamebaki kamlima kamoja," ndivyo alivyosema kila mara. Mkenya mmoja aliniambia kwamba hako kamlima kamoja kana ukoo mkubwa. Baiskeli zao zenyewe zilikuwa nyepesi hivi kwamba siku ya kwanza niliinua moja kwa mkono mmoja, nikamwuliza mwenyewe kama imekuwa ikiumwa.

Sasa, kati ya lile bonde na mgongo wa mlima ninakoishi uko msitu wangu wa mikaratusi, na ndani yake mna njia ya ng'ombe. Pasipo njia hiyo, watu wake walilazimika kumalizia safari kwenye barabara kuu, nyuma ya malori ya saruji, na hapo safari yote inaharibika. Alihitaji geti langu, na mimi geti langu sikulijenga kwa ajili ya wapita njia. Basi akaja, nyuma yake kundi la watu wazima waliovaa zile kaptula za kubana ambazo mtu hapaswi kuonekana nazo mbele ya wakwe.

Tungeweza kusema Kinyarwanda tukamalizana. Lakini kwa heshima ya wageni wake alichagua Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali hasa: l na r kwake zilikuwa mapacha, aliita yeyote aliyekuwa karibu. Akavua kofia yake, akainamisha kichwa, akasema:

"Mzee wetu, tumekuja kuomba mahari. Hata kadogo tu."

Nyuma yangu alikuwa amesimama binti yangu, anayesimamia duka langu la vipuri vya baiskeli kule Biryogo, na ambaye alikwisha kuwafukuza wachumba kadhaa kwa mdomo peke yake. Nilielewa vizuri kwamba mtu huyu anataka mahali pa kupita. Kiswahili mimi nimekinywa Karagwe pamoja na uji, hakinipigi chenga. Lakini kitu kitamu kama hicho hakiachwi kipite bure. Nikakunja uso. Nikamwuliza tangu lini mgeni anakuja kudai mahari kwa baba wa binti, wakati anayekuja ndiye anayeleta. Nikamwuliza ng'ombe wako wapi. Nikamwuliza kama mila yetu ya gusaba, ya wazee kuja kuposa kwa heshima na kwa maneno yaliyopimwa, siku hizi inafanywa kwa kaptula. Mmoja wa wageni wake akamnong'oneza kosa lake. Nilitegemea aombe radhi. Badala yake alijifuta jasho, akanitazama usoni.

"Ng'ombe ziko nyuma, mzee. Moja imepata pancha."

Binti yangu, ambaye ulimi ameurithi kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, fungua geti, funga mdomo." Nikafungua geti. Mdomo sikuufunga.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila walipofika, yeye aliomba mahari, mimi nikawaulizia ng'ombe, naye akaleta udhuru mpya: wamezuiwa na askari wa barabarani, wamekuwa na mkutano Kimihurura, wamebakiwa na kamlima kamoja. Wageni wakacheka, binti yangu akawapa maji, wakaingia msituni. Siku moja walifika wameloa mvua mpaka mifupa, nikawahurumia, nikatangaza mbele ya wote kwamba kwa watu wa baiskeli nimepunguza: ng'ombe mmoja na mpira mmoja wa ndani wa tairi, basi. Ilikuwa dhihaka. Wala sikuzingatia kwamba kulikuwa na Mtanzania mmoja mrefu, mtu wa Singida, ambaye katika njia yote ile ya mawe na mizizi hakupata pancha popote ila mbele ya geti langu, na kila pancha yake ilitaka kipuri kutoka Biryogo.

Halafu Jumapili moja mtu wangu akaja kwa miguu. Amevaa suti, ameshika fimbo ya msemaji, yule anayeposa kwa niaba ya mwingine, na nyuma yake wazee wawili wasiojua hata kupanda baiskeli.

"Mzee wetu," akasema, "tumekuja kwa ajiri ya mahari."

Nikamwambia geti liko wazi, apite, na baada ya muda wote huo ajifunze kusema mahali.

"Hapana, mzee. Leo nimesema sawasawa."

Nikageuka. Binti yangu alikuwa mlangoni, amevaa mshanana, vazi letu la sherehe. Hapo nikajua kwamba nikitania vibaya ninampoteza. Hata hivyo mimi ni mfanyabiashara. Nikaanza kutaja ng'ombe wa kueleweka. Mtu yule hakubishana. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa mpira wa ndani, mpya, bado umo kwenye karatasi yake, akauweka juu ya meza. Kisha akaonyesha kwa fimbo chini barabarani, ambako yule Mtanzania mrefu alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe mmoja anayetafuna ua wa jirani. Bei nilikuwa nimeitaja mwenyewe, mashahidi wamejaa tele. Na nilipoutazama ule mpira vizuri, nikakuta umenunuliwa dukani kwangu.

Nimemfikiria sana wiki hii. Enzi zetu, anayepanda mlima na baiskeli alikuwa na mzigo. Leo watu wenye kazi nzuri wanapanda bila mzigo, wanatoka jasho, wanalipa, na wanashukuru. Niliwacheka, na bado nawacheka. Lakini lami niliyoiomba utotoni nimeipata, nikaiona tabia yake. Watu wa lami wanapita kwangu kila siku wamefunga vioo. Hata mmoja hajawahi kuniomba kitu, basi hata mmoja simjui. Anayekuja kwa changarawe anafika polepole, ana kiu, njia imemkatikia, na lazima afungue mdomo aombe. Anayeomba hujulikana. Marehemu alilifahamu hilo, na ndiyo maana kila mara aliwapitisha penye geti la mtu.

Tulimzika wageni wakiwa wengi, kwa hiyo mchungaji, mtu wa mlima huu huu, akahitimisha kwa Kiswahili. Akainua mkono, akasema, "Mungu amraze mahari pema peponi." Watu wa baiskeli wakainama, mabega yakitetemeka. Mjane wake ndiye aliyeanza kucheka. Mimi, ambaye nimemsahihisha kila mtu katika mji huu, sikusahihisha.

Jumamosi iliyofuata wakaja tena, wakiongozwa na mama mmoja Mkenya. Alikuwa na wasiwasi, na alikuwa na sababu: mapatano yetu yalikuwa ya mdomo, na mdomo mmoja umezikwa. Akasema kwa Kiswahili safi kabisa:

"Shikamoo mzee. Tunaomba mahali pa kupita."

Nikamwambia hapa hakuna kitu kama hicho. Akageuka kuwatazama wenzake, uso umemshuka, wakaanza kuzigeuza baiskeli kuelekea kwenye malori. Mkwe wangu ndiye aliyemwinamia sikioni. Akarudi getini.

"Tunaomba mahari, mzee. Hata kadogo."

"Ng'ombe wako wapi?"

Akainamisha kichwa.

"Wamemsindikiza marehemu."

Nikawafungulia.

Niliyeanza na baiskeli isiyo na breki, leo nina nyumba ya matofali, duka la vipuri Biryogo, msitu wa mikaratusi, ng'ombe wanne, mmoja wao wa mahari, mkwe kutoka Singida, mjukuu mmoja mwenye mdomo, mpira wa ndani ambao haujawahi kutiwa upepo, na geti ambalo kufuli lake nimelitoa.