Alama ya kujumlisha nusura inidiscoshe chuo, mama mkwe akaiona

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Naishi Bunju na mume, mtoto mmoja na mama mkwe. Nasoma diploma ya elektroniki. Somo la Digital nilipata sapu, mtihani wa marudio, na nikifeli sapu nadisco, yaani nafukuzwa chuo. Kwa umri wangu, kuanza upya sahau.

Kilichonitesa ni standard forms, zile namna mbili za kuandika logic: SOP (sum of products) na POS (product of sums).

SOP ni makundi ya "na" yaliyounganishwa kwa "au". POS ni kinyume chake. Maana nilishakariri, ila swali likija nachemka.

(Wa engineering msinicheke, nawajua.)

Jumamosi asubuhi, mtihani Jumatatu, nipo barazani na daftari, machozi yananitoka. Mama mkwe akatokea na mtoto mgongoni. Nikaficha uso, wapi!

"Hebu nisomee hicho kinachokuliza."

"Mama, ni hesabu za chuo hizi."

"We nisomee tu."

Daftarini imeandikwa A·B + C·D. Nikasoma huku namwonyesha kwa kidole: "A na B, na C na D."

Akainama. "Hii nukta unasema 'na'. Huu msalaba nao 'na'. Mbona mie naona havifanani?"

Nikaliangalia daftari upya.

Wakuu, tangu darasa la kwanza tunaimba "moja na moja, mbili". Kichwani mwangu kujumlisha ni "na". Huku kwenye logic ile alama ni "au"! Muhula mzima nimesoma upuuzi.

Nikamweleza: nukta ni "na", msalaba ni "au". Akacheka.

"Basi kama huyu mjukuu wangu. Analala akiwa kaoga na kashiba, au akiwa mgongoni na mie namwimbia."

Kaoga A, kashiba B, mgongoni C, wimbo D. Nikaandika: A·B + C·D. SOP safi kabisa, imetoka kwa bibi! Siku ile nilifanya maswali mpaka wino ukaisha, yeye akibembeleza mtoto.

Sapu nimepata C, nimefaulu. Nilimwambia yeye kabla hata ya mume wangu.

Akanishika mashavu. "Mie walinitoa shule darasa la tano nikalee wadogo zangu. Wewe soma, mwanangu. Mtoto ninaye mie."

Nililia, sioni aibu kusema. Nampenda sana yule mama.

Nilichojifunza: ukikwama, soma kwa sauti mbele ya anayekupenda, hata kama somo halijui.

Nanyi nani aliwashika mkono mkasoma? Andikeni hapa. Mama kakaa pembeni yangu, anataka nimsomee mtakachosema.