Kiguu na Njia

Mhadhiri wetu tunamwita Kiguu na Njia, maana kiti hakimjui. Hufundisha akiwa amesimama karibu na mlango, simu mkononi. Ikitetemeka, sentensi yake hukatika, kisha huidaka palepale ilipoangukia. Vidole vyake vina wino mwekundu na harufu ya dawa ya kuchua. Jana alinirudishia sura ya tatu ya tasnifu yangu. Pambizoni, chini ya “Chanzo kiko wapi?”, alikuwa ameandika: “Saa nne, kala vijiko vitatu. Kaniita dada.”

Nilimwonyesha. Akayafunika maneno yale kwa kiganja.

“Ni mama,” alisema, macho kwenye simu. “Juzi tu nilikuwa bado mwanawe.”

Akaondoa mkono. “Haya, niambie. Chanzo kiko wapi?”