Grisi ya Lori kwenye Rili ya Baba Mkwe

Mashine huniambia zenyewe. Shule niliachia darasa la tano, lakini nisimamishe nje ya kiwanda chochote cha mbao hapa Mafinga, nitakwambia kabla sijaingia ndani kama mkanda umelegea au beringi imeanza kulia. Mashine yangu ya kwanza ya kupasulia niliinunua ikiwa imekufa, wenyewe wameshaiita chuma chakavu. Leo ninazo tatu, na ile marehemu ndiyo inayopasua vizuri kuliko zote. Nayasema haya ili uelewe ilikuwaje mtu kama mimi akanyamazishwa na kimashine kinachoenea kwenye mfuko wa koti.

Kimashine chenyewe ni rili, kile kidude kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja mshipi. Kabla ya hapo kuvua nilikujua kwa mwanzi, nailoni, ndoano na mnyoo, basi. Hivyo ndivyo baba mkwe wangu alivyokuwa akivua kila Jumamosi kwenye bwawa lililo katikati ya mashamba ya chai, huku Mufindi.

Baba mkwe ni fundi cherehani. Suti za maharusi wa mji huu, nyingi zimepita mikononi mwake. Mwaka juzi akapata kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukabaki nyuma. Anaunyanyua, vidole vinakunjika nusu, lakini nguvu hamna, kijiko kinamtoka. Hospitali wakampa kimpira cha kuminyaminya ili mkono usilale moja kwa moja. Alikitazama, akasema, "Nimewavalisha watu wazima miaka yote hii, leo nicheze mpira?" Kimpira kikaishia uvunguni. Cherehani ikafunikwa kitambaa.

Lakini kilichomuuma zaidi ni jambo ambalo mtu wa mbali asingeliona. Kwake yeye, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni sawa na kumtukana. Basi akaacha kabisa kumpa mtu kitu. Yeye ambaye zamani alikuwa akimkabidhi mgeni kikombe cha chai mwenyewe, sasa anasema, "Chukua hapo mezani," huku anatazama pembeni. Mke wangu ndiye aliyeligundua. "Baba akizoea hivi," akaniambia, "huo mkono ndio umekufa."

Mimi nikajibu hapo hapo, mbele ya watu, kama kawaida yangu. "Namletea mashine ya kuvulia. Mkono wa kushoto utashika fimbo, wa kulia utazungusha. Kabla baridi haijaisha atavuta samaki."

"Umewahi kuishika hiyo mashine?" mke wangu akauliza.

"Nimeiona."

"Kwenye simu."

"Si nimeiona!"

Baba mkwe alikuwa anasikiliza. Akasema taratibu, "Lete, mkwe wangu. Lakini iwe ndiyo hiyo tu. Ikishindikana, msinisumbue tena na mkono huu. Mtaniacha nikae."

Ukishaambiwa hivyo na mkwe, huwezi kurudi nyuma.

Nilikuwa na mzigo wa mbao wa kupeleka Mbeya. Nilipomaliza kushusha nikaenda Mwanjelwa, kwenye duka la nyavu na kamba wanakonunua wavuvi wa Kyela. Mwenye duka ni mzee wa kofia, asili yao pwani ingawa yeye kazaliwa hapo hapo Mbeya, na maneno yake ni matamu kuliko bei zake. Akanipangia rili tatu kwenye kioo. Kubwa ya rangi ya dhahabu ilinivuta jicho.

"Hiyo ina beringi kumi na tatu, bosi."

"Mzee wangu, mimi nakula kwa beringi. Kumi na tatu mbovu zinashindwa na nne nzima."

Akacheka. "Haya, chagua wewe, fundi. Unavua wapi?"

"Bwawani. Perege."

"Perege! Na unataka kuvulia winchi ya meli?"

Nikaiacha ya dhahabu. Nikachukua ndogo nyeusi, nikaiweka sikioni, nikazungusha. Hapo udadisi ukanishika shingoni. Katika mashine zote ninazozijua, ukitaka kukunja kamba, unazungusha gurudumu lenye kamba. Hii sivyo. Kigurudumu chenye mshipi, wenyewe wanakiita spuli, kimetulia tuli, kinapanda na kushuka tu, na kinachozunguka ni waya uliopinda kama mshikio wa ndoo, unaouzungushia mshipi kwa nje. Nikazungusha tena. Nikarudisha. Nikamuuliza mzee kwa nini wametengeneza kinyume namna hiyo.

"Fungua huo mshikio," akasema. Nikaufungua. "Sasa vuta mshipi kwa mbele." Ukatoka kwa ulaini, kama uzi unaodondoka kutoka juu ya kibiringo, na hakuna kilichozunguka. "Umeona? Ukirusha, hausukumi gurudumu lolote. Ndiyo maana hata chambo chepesi kinafika mbali."

Nikanyamaza. Watu wanaonijua hawataamini, lakini nilinyamaza.

Kisha nikamweleza habari za mkono wa baba mkwe, naye akaacha utani. Akafungua skrubu, akachomoa mpini wa kuzungushia uliokuwa kushoto, akauhamishia kulia. Kumbe unahama! Akanifundisha kutazama kile kirola kidogo kwenye mshikio, mshipi unapopitia: kisipozunguka, mshipi unasagika humo mpaka unakatika. Halafu breki, kile kifungo cha juu ya spuli. Akashika ncha ya mshipi akatembea nao hadi mlangoni, mimi nimeshika rili. Ile ya bei ndogo ilitoa mshipi kwa kurukaruka, inakwama, inaachia. Ile nyeusi ilitoa kama mtu anayevuta pumzi. Nikanunua nyeusi na fimbo yake. Mzee akaiongezea mshipi, akaacha nafasi kidogo ukingoni usije ukamwagika wenyewe.

Hadi hapo nilikuwa nimefanya kazi nzuri, na naisimulia kwa raha. Sasa nifike kwenye ujinga.

Nyumbani sikuweza kuiacha. Kesho yake mchana niliifungua mezani pale kiwandani, chini ya bati lenye jua kali. Ndani kuna gia mbili ndogo, meno yake kama ya panya, na grisi kidogo sana, kama imepakwa kwa njiti ya kiberiti. Nikasema, hawa wametubania. Huku kwetu chuma kisichotiwa grisi hakimalizi wiki. Nikachota ile ile ya magurudumu ya lori, nikaijaza mpaka ikatokeza, nikafunga. Nikazungusha: laini kabisa. Nikajipongeza.

Jumamosi tukaenda bwawani asubuhi, mimi, mke wangu na baba mkwe. Ilikuwa Julai. Anayejua Julai ya Mufindi anajua: nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na ukungu umelalia chai. Baba mkwe amevaa koti lake la kushona mwenyewe, tai shingoni. Tai, bwawani! Mlinzi wa bwawa alimsalimu "kamwene" kwa kuinama, akasema ni siku nyingi hawajamwona.

Nikamrushia. Akabana kitako cha fimbo kwapani, mkono wa kushoto ukaishika, kisha kwa vidole vya kushoto akauchukua mkono wa kulia na kuuweka kwenye mpini wa rili, kama mtu anayemweka mtoto kitini. Akazungusha. Haikwenda. Akajaribu tena, uso ukakunjamana, vidole vikateleza, mkono ukaangukia pajani.

"Sukuma kwa chini, baba," nikasema.

"Nasukuma."

Nikaichukua nikazungusha. Mbona inakwenda? Nikamrudishia. Mara ya tatu mkono ulipoanguka hakuuokota tena. Nilitaka kuushika ule mkono niuzungushe naye, lakini kwenye ukoo ule mkwe hamgusi baba mkwe. Ningekuwa nimemvua nguo. Mke wangu akageuka upande wa msitu.

"Mkwe wangu," akasema, "umehangaika. Asante. Turudi nyumbani."

Naomba nieleweke. Nimewahi kuunguliwa na banda la mbao, sikuumia vile.

Nilikusanya vitu. Katika kuifungua rili kwenye fimbo, nikajaribu kuizungusha kwa kidole kidogo cha mwisho, kile kisicho na nguvu. Haikwenda. Nikajaribu tena. Nzito kama ugali wa jana. Nikashtuka. Mkono wangu huu, uliozoea kugeuza magogo, ungejuaje uzito huo? Mchana chini ya bati grisi ilikuwa imelainika. Hapa kwenye baridi imeganda. Kilichoshindwa ni rili. Mkono wa mzee haukuwa na kosa.

Ningeweza kunyamaza, nikasema ni mbovu, nikanunua nyingine. Lakini yeye alikuwa anarudi nyumbani akiamini ni mkono. Nikasimama mbele yake. "Baba, kosa ni langu. Niliifungua, nikaijaza grisi."

"Grisi ipi?"

Nikaipangusa rili kwenye suruali.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua rili, akainusa. "Mkwe."

"Naam, baba."

"Hii si ndiyo ya lori?"

"Ndiyo, baba."

Akaitazama rili, akanitazama mimi. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka tai ikahama upande, na mke wangu naye akaingia, na mlinzi kule juu akauliza kuna nini. "Huyu!" baba mkwe akasema kwa sauti. "Huyu ana mashine tatu za mbao! Mngempa saa ya mkononi angeitia dizeli!"

Nikakubali. Siku hiyo ndiyo niliyotukanwa nikafurahi.

Tulipofika nyumbani hakungoja hata tuingie sebuleni. "Leteni mafuta ya taa kwenye bakuli. Mswaki mkuukuu. Na ndani ya droo ya cherehani kuna kichupa." Kitambaa kikaondolewa juu ya cherehani kwa mara ya kwanza tangu augue. Nilifungua mimi, nikaosha mimi, lakini fundi alikuwa yeye. Kwa kichupa kile cha mafuta ya cherehani, mepesi kama maji, alinisimamia kama mwanafunzi.

"Tone moja."

"Basi niongeze hapa kwenye..."

"Nimesema moja! Unakaanga maandazi?"

Akaichunguza breki na kuielewa kabla sijamweleza. Ni ile ile skrubu ya kukazia uzi kwenye cherehani, akasema: ukikaza mno uzi unakatika, ukilegeza mno mshono unavimba. Na ule mshikio unaozunguka nje ya spuli iliyotulia akautazama muda mrefu, anauzungusha polepole, uso umeinama, kama anayetazama uzi ukizunguka bobini ya cherehani. "Aliyebuni hiki," akasema, "alikuwa na mama mshonaji." Mimi nilidhani ni mimi tu ninayesumbuliwa na jambo hilo. Tukakaa pale mpaka chai ikapoa, watu wazima wawili, tunashangaa kidude.

Alikuwa anazungusha kwa mkono wa kulia. Sidhani kama alijua.

Jumamosi iliyofuata tulirudi, baridi ile ile. Nilimrushia, rili ikazunguka, ingawa mkono ulikuwa unaanguka kila baada ya mizunguko mitano, sita. Anauokota, anaurudisha. Mara kielea, kile kiboya cha kwenye mshipi, kikazama. Fimbo ikapinda, mshipi ukaanza kutoka.

"Kaza breki, baba! Anaondoka!"

"Mwache aende. Huu ni uzi wa hariri, mkwe, si wa turubai."

Breki ikatoa mshipi, ikatoa, ikasimama. Akazungusha. Mkono ukaanguka. Akauokota. Samaki akaondoka tena, baba mkwe akamwachia tena. Mimi nimesimama hatua mbili kando, mikono nimeifungia kwapani nisije nikavunja heshima. Sijui ilichukua muda gani. Samaki alipofika kwenye nyasi alikuwa perege mpana kama kandambili, anapigapiga mkia kwenye umande.

Nikainama nimchomoe ndoano. "Acha," baba mkwe akasema. Akakaa chini, akambana samaki kwa goti, akachomoa ndoano kwa mkono wa kushoto. Kisha akaingiza vidole vya mkono wa kulia kwenye matamvua, kimoja kimoja, akisaidia kwa ule mwingine, na ule mwingine ukaachia.

Akanyanyua. Mkono ulikuwa unatetemeka, samaki anatetemeka nao, maji yanadondokea kwenye suruali yake ya suti. Hakutazama pembeni.

"Shika, mkwe."

Nikampokea kwa mikono miwili.