Tonge la Pili

Mkuu wetu wa shule hali chakula cha mchana mpaka kila mwalimu awe ameketi kwenye sinia. Ananawa vizuri, lakini weupe wa chaki haumtoki kwenye kucha. Wengine tukipiga soga, yeye anatazama mikono yetu. Mkono unaochezea mkate wa injera badala ya kuula haumpiti. "Asnakech, leo umechoka. Kipindi chako cha mwisho nakichukua mimi," atamwambia mwenzetu, na hapo hakuna mjadala.

Ijumaa moja, mwezi wangu wa pili katika milima hii, aliutazama mkono wangu. Wanafunzi themanini na chumba chenye baridi vilikuwa vimenishinda. Begi langu lilikuwa tayari mlangoni, nikingoja basi la alasiri. Alikunja tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa dengu, akanilisha kwa mkono wake. Nikaacha kinywa wazi kungoja la pili, maana kwetu nani asiyejua kwamba ukilishwa tonge moja tu, ni ugomvi? Yeye akainuka kwenda kunawa.

"Mama, ndiyo unaniacha hivi?"

"La pili ni Jumatatu, mwanangu. Ukitaka tugombane, panda basi."

Wenzangu walicheka hadi mchuzi ukamwagika. Basi likaondoka bila mimi.

Huu ni mwaka wa tisa. Wakubwa wa wilaya wakija kutuuliza imekuwaje shule yenye paa linalovuja haijapoteza mwalimu hata mmoja, tunawaletea maji ya kunawa. Kisha tunawakaribisha kwenye sinia.