Ghislaine Alipokimbia Kupita Kipimo

Ghislaine ni binti yangu wa pekee. Ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa siku ya theluji nzito, na mkunga alipomtazama alituambia kwamba huyu atachelewa katika mambo mengi. Rolande, mke wangu, akamjibu akiwa bado kitandani, "Basi achelewe. Nani anamkimbiza?"

Kweli alichelewa. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema. Shule ya kijiji ilimvumilia kwa muda, kisha ikamrudisha kwetu. Saa hasomi, hesabu hana. Lakini mbwa wote wa barabara yetu anawajua kwa majina, na kanisani anajua nani kanuniana na nani hata kabla wenyewe hawajajua. Alipokua alipata kazi kwenye karakana ya watu kama yeye, kukunja maboksi ya keki. Alikuwa anarudi jioni amechoka na ana mambo ya kusimulia.

Na alikimbia. Kwetu huku juu ya mto Saguenay theluji hufika dirishani, na usipovaa viatu vya theluji, zile fremu pana kama ungo, unazama mpaka kiunoni. Mimi nilivaa vya kwendea msituni kukata miti. Yeye alivaa vya kushindana. Alianza kocha Maryse alipounda timu ya watu wenye akili nzito, na tangu hapo kila majira ya baridi alikuwa na namba kifuani.

Sheria za mbio zile anazijua kuliko sala. Rolande alimsomea, naye akawa anazirudia mezani huku mdomo umejaa.

"Hakuna kuguswa. Hakuna kusukumwa. Ukianguka, unainuka mwenyewe. Kiatu kikichomoka, unasimama, unakivaa mwenyewe. Mama akikuvalisha, umetolewa."

"Na baba je?" nilikuwa namuuliza.

"Baba ndiyo kabisa. Baba hata kufunga kamba hajui."

Mashindano yalikuwa yao wawili. Mimi nilikuwa kambini kwenye miti, na nilipoiacha kambi nilibaki nyumbani kulinda moto, maana jiko likizimika siku nzima maji yanaganda na mabomba yanapasuka. Walirudi na mashavu mekundu. Nikauliza, "Vipi?" Rolande akasema, "Amekimbia." Ikatosha.

Rolande alikufa mwezi wa Juni.

Ghislaine hakulia kanisani. Tuliporudi alivua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, akasema hatoki tena. Nilidhani ni maneno ya siku ile. Akaacha karakana. Akaacha kanisa. Mbwa wa jirani alikuja mwenyewe mlangoni kumtafuta, na yeye hakumfungulia. Tukawa wawili jikoni. Mimi nasema neno asubuhi, yeye ananijibu mchana. Kupika kwa watu wawili sikujua, supu ya maharage ikawa inabaki, tunakula ileile mpaka inachacha.

Theluji ilipotulia Maryse akapiga simu.

"Mzee Léonce, mashindano ya mkoa ni Februari. Mlete."

"Hatoki."

"Ndiyo maana nasema mlete. Nimewaona wengi mimi. Akikaa ndani majira haya yote, humtoi tena."

Nilikata simu nikamtazama. Alikuwa amekaa na koti la mama yake mapajani. Nikaona jinsi tutakavyokuwa: mimi nazeeka kwenye kiti hiki, yeye kwenye kile. Na mimi nikifa, yeye peke yake kwenye kiti kile.

"Twende kwenye mbio," nikamwambia.

Akafikiri. "Kule kwenye kamba?"

"Kule."

"Sawa."

Sikuuliza kwa nini amekubali upesi hivyo.

Siku yenyewe baridi ilikuwa ya kuuma meno, nikamwachia jirani moto wa jiko. Maryse alinieleza utaratibu, maana kile kitabu chao cha sheria nisingeweza kukisoma. Asubuhi kila mtu anakimbia apimwe kasi yake. Kisha wanapangwa makundi, wenye kasi moja na wenzao, ili hata anayekwenda polepole apate wa kushindana naye. Mchana ndiyo fainali.

"Lakini asubuhi lazima ukimbie kweli," akasema. "Kuna wajanja. Wanajivuta wapangwe na wanyonge, halafu mchana wanapaa. Ukizidi sana kasi yako ya asubuhi, unatolewa."

Pale kwenye mstari wa kuanzia alikuwepo Normand, mwanamume mrefu wa timu yao, mwenye kofia ya manyoya. Yeye hana siku bila kumchokoza mtu.

"Wee Ghislaine! Nilidhani umeolewa!"

"Na nani? Na wewe?"

"Mimi sikuoi. Unakoroma ndani ya basi."

Ghislaine akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiangazi. Nikashika koti lake, nikabaki palepale. Nilidhani ndipo mzazi anaposimama.

Filimbi ikalia. Alianza vizuri, magoti juu, theluji ikiruka nyuma yake. Alipofika katikati akapunguza. Akasimama. Hakuanguka, kiatu hakikuchomoka. Alisimama tu anatazama kule mwisho, watu wanampita kulia na kushoto. Halafu akatembea mpaka mstari kama mtu anayekwenda kuchota maji.

"Nilidhani umeota mizizi!" Normand akamwambia. Safari hii Ghislaine hakucheka. Normand akaona, akavua kofia yake akamvisha.

Nikamuuliza, "Umeumia?"

"Hapana."

"Sasa mbona ulisimama?"

"Hakuna aliyeniita."

Sikuelewa. Nikamtazama Maryse.

"Rolande alikuwa anasimama kule mwisho, nyuma ya kamba," Maryse akasema. "Kila mwaka. Anamwita kwa sauti yote, 'Ghislaine, supu inapoa!' Watu walikuwa wanavunjika mbavu. Hukujua?"

Sikujua. Miaka yote ile waliporudi nilikuwa nauliza vipi, nami nikajibiwa amekimbia.

Wakampanga kundi la wanaokwenda polepole kuliko wote. Chakula cha mchana hakukigusa. Alifungua mikanda ya viatu vyake, akaviweka mlangoni pa ukumbi, akasema, "Baba, twende nyumbani."

Nilijua tukirudi saa ile, imekwisha. Viatu vile vingeingia chini ya kitanda pamoja na vya kanisani.

"Nitasimama mimi kule mwisho," nikasema.

"Wewe hujui kuita."

"Nitajaribu."

Akavitazama viatu pale mlangoni. Kisha akaenda kuvichukua.

Maryse akanivuta pembeni. "Mzee, ngoja nikwambie mapema. Akikimbia kama anavyojua kukimbia, watamtoa. Atawaacha wenzake mbali mno, na muda wake wa asubuhi ndio ule ulioandikwa. Nimekwenda kuomba abadilishiwe kundi, wameniambia nimechelewa."

"Sasa nimwambie aende polepole?"

Akatazama theluji. "Hapana. Hilo nalo sheria inakataza."

"Basi," nikasema.

Nikaenda mpaka mwisho, nikasimama nyuma ya kamba. Kutoka kule watu wa mstari wa kuanzia ni wadogo, hutambui nani ni nani ila kwa rangi ya kofia. Nikafikiri, hapa ndipo Rolande alipokuwa anasimama peke yake, baridi hii hii, na miguu yake ilivyokuwa mibovu.

Filimbi ikalia. Mambo ya supu sikuyasema. Yale yalikuwa yake. Niliita jina tu, kwa sauti tuliyokuwa tunaitana nayo msituni mti ukianza kuanguka. Ghislaine! Mama mmoja kando yangu aliruka kwa hofu. Ghislaine!

Naye akaja. Sikuwahi kumwona akikimbia, kukimbia kwenyewe. Mdomo wazi, mikono inakata hewa, viatu vile vipana vinapiga theluji. Wenzake walikuwa hawajafika nusu. Akakata mstari na hakusimama. Alinipita. Akapita watu, akapita meza ya waamuzi, akaenda mpaka kwenye ua, pale misonobari inapoanzia. Akashika ubao wa ua akachungulia ng'ambo.

Nilimfuata. Kutembea kwangu siku hizi si kwa haraka.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo."

"Hata huku nyuma."

"Hata huku, mwanangu."

Alihema mpaka pumzi ikamtulia. "Ni wewe uliyeita?"

"Ni mimi."

"Umeita vibaya," akasema, akaweka paji la uso wake begani kwangu. Tukakaa hivyo. Hakuna aliyetufuata.

Tuliporudi, mwamuzi mkuu alikuwa anatungoja. Fernand Gobeil anaitwa, zamani alikuwa akigawa barua. Alikuwa na saa yake mkononi na uso wa mtu aliyetumwa msibani.

"Mzee Léonce Ouellet, nimelazimika kumtoa."

Maryse akaanza, "Fernand, mama yake amekufa, asubuhi alisimama kwa sababu—"

"Najua. Nimeambiwa. Niandike nini, Maryse? Wale wasichana wengine wamekimbia kwa haki. Yule wa pili, mama yake naye yuko pale."

Nikamwambia Fernand kuwa yuko sawa. Na alikuwa sawa. Akanishika mkono, akavaa glavu yake akaondoka.

Ikabaki kumwambia mwenyewe. Hapo nilikuwa naogopa. Medali wamepewa wenzake watatu, yeye utepe wa kushiriki.

"Wamekutoa," nikamwambia.

"Nimeguswa?"

"Hapana."

"Nimetoka kwenye mstari wangu?"

"Hapana. Umekimbia mno. Kupita kipimo."

Akauchunguza uso wangu kama namtania. "Mno?"

"Mno."

Akageuka akaenda kumtafuta Normand. Nilimsikia toka mbali. "Normand! Nimetolewa! Nimekimbia mno!"

"Mno namna gani?"

"Mno kabisa! Wamekasirika!"

"Mimi miaka yote sijatolewa kwa kasi! Natolewa kwa kupita mstari wa mtu tu! Nifundishe!"

Ndani ya gari, njia nzima ya kurudi, aliushika ule utepe dirishani, magari mengine yauone.

Wiki iliyofuata, jioni ya mazoezi, alikuwa amevaa mapema. Nami nikachukua koti langu.

"Wewe kaa," akasema.

"Si tunakwenda?"

"Mazoezini siitwi. Ukija kule unaganda bure. Njoo kwenye mbio tu, usimame mwisho."

"Sawa."

"Na ufanye mazoezi ya kuita."

Sasa gari la Maryse linampitia kila wiki, na karakanani nako amerudi. Anatoka kabla halijapiga honi. Nilitaka atoke, na ametoka. Mimi nasimama dirishani nitazame taa zikishuka kilima mpaka zifichwe na kanisa. Kisha nafungua redio, nasikiliza bei ya mbao. Sina tena mti wa kuuza, lakini yule mtangazaji anasoma polepole, na inachukua muda.