Baba Amekatika Tena

Intaneti ya waya wa simu naichukia, na hapo simtanii mtu. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Bagamoyo, ina kuta nene za mawe. Simu ya mkononi ukiingia nayo ndani inabaki kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo tuling'ang'ania laini ya simu ya mezani, waya wa shaba kutoka kwenye nguzo ya nje, na modemu yenye taa ya kijani iliyokuwa ikiwaka pale inapojisikia.

Ningeivumilia, lakini mdogo wangu alikuwa anaolewa. Walii wake, mwenye haki ya kumuozesha, ni baba, na baba yuko Maskati miaka na miaka, ana mke mwingine na watoto wengine. Amu yetu, ndugu yake baba, angeweza kumuozesha kwa uwakala, baba akitamka tu kwamba amemfanya wakili wake. Hakutaka. "Binti yangu nitamuozesha mwenyewe, kwa kinywa changu," alisema, nasi tukalia kwa furaha, mbumbumbu sisi. Mchumba alikuwa mwalimu wa Zinga, kwao wakulima. Baba alipoambiwa aliuliza, "Zinga? Kwa kina nani huko?" Akacheka kidogo, kisha akasema kijana mzuri, Mungu awape kheri.

Siku ya kwanza ya kufunga akidi ya ndoa sheikhe alikaa sebuleni na bwana harusi na watu wa Zinga. Kompyuta ililetwa kwanza chumbani kwetu, ili baba amwombe mwanawe idhini kabla ya kumuozesha. Akasema, "Mwanangu, una..." akaganda mdomo wazi. Sauti ikaja kama ya mtu anayesemea ndani ya ndoo, kisha akatoweka. Nikampigia tena, akaganda tena. Watu wa Zinga wakala pilau la harusi isiyokuwapo wakarudi kwao. Jioni ukaja ujumbe wa baba: "Mtandao wenu huo, wanangu. Rekebisheni."

Haya, nikarekebisha. Niliwapigia wenye laini, binti mmoja akaniambia nizime modemu, nisubiri, niwashe. Mama wee, nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu! Nikaanza mwenyewe. Ukumbini kulikuwa na simu ya mezani ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haikuwa na kile kichujio kinachotenga sauti na intaneti. Kila ikilia, taa ya modemu inakufa. Nikaing'oa. Hali ikawa afadhali, lakini mvua ikinyesha tunarudi palepale. Nikaufuata waya hadi nje, kwenye kisanduku chini ya paa, nikakifungua kwa kisu cha jikoni. Chumvi ya bahari ilikuwa imeyala yale maungio ya waya mpaka yamegeuka kijani, na sisimizi wamehamia humo na mayai yao.

Fundi alikuja kutoka Mapinga, akaanza kwa kuilaumu kompyuta yangu. Nikamshika mkono nikamsimamisha chini ya kisanduku. "Lo, dada, hii imeoza," akasema, akakata, akaunga upya.

Tukaita watu mara ya pili. Baba akatokea, akatabasamu, akakatika. Siku ile nilimtukana yule fundi kwenye simu mpaka nikasahau kwamba nina udhu. Masikini ya Mungu alirudi, akavuta waya mpya kutoka kwenye nguzo, akabadili na modemu, akaapa wallahi laini haina neno. Sikumwamini. Wiki nzima nilimweka shoga yangu wa Tanga kwenye video, napika naye, nafua naye, mpaka akalalamika kwamba amechoka kutazama sufuria zangu. Hakukatika.

Mjini walikwisha kumpa mdogo wangu jina: bibi harusi wa mtandao. Dukani wanamuuliza, "Vipi, leo unashika?" wanacheka mbele yake. Alikuwa akivaa glavu za plastiki kuosha vyombo ili hina isimtoke mikononi. Na mama mkwe mtarajiwa alituma neno, bila kuuma maneno: watakuja mara moja ya mwisho, ikishindikana, yupo binti mwingine hukohuko Zinga, na baba yake yupo nyumbani.

Wakaja. Tulikuwa chumbani wawili tu, mimi na yeye, modemu pembeni yetu. Baba akatokea akiwa na kilemba kizuri, nyuma yake pazia la dhahabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Uko tayari?"

"Niko tayari, baba. Nimekuidhini."

Mimi mtandao ukikata naujua sasa kuliko ninavyoijua sura yangu. Sura huganda kwanza, sauti huzama, taa hupepesa. Safari hii baba hakuganda. Aliinamisha macho, akauma mdomo kidogo kama wanavyofanya watu wazima wanapotafuta kitufe kwenye simu, mkono ukapanda kwenye kioo, akatoweka. Nikageuka kuitazama taa. Imetulia tuli, kijani.

Alikuwa amekata mwenyewe. Mara ya kwanza nadhani ilikatika kweli, na ndipo alipojifunza. Angesema sitaki mtoto wa wakulima, tungekwenda kwa kadhi, kadhi angemuuliza sababu, na mwishowe kadhi mwenyewe angemuozesha mdogo wangu. Lakini baba hakukataa. Alikuwa akikatika tu, na mtu aliyekatika utamshtaki kwa lipi?

"Nakwenda kuwaambia," nikasema. "Nakwenda kumwambia sheikhe mbele ya wote, mshenzi huyu..."

Mdogo wangu akanishika kanga. Naye alikuwa ameona. Machozi hayakumtoka, na hilo liliniuma kuliko kilio.

"Dada, usithubutu," akasema. "Bora waseme mtandao wetu mbovu kuliko waseme baba yangu hanitaki."

Akainama, akauchomoa waya wa simu kwenye modemu. Taa ikazimika. Kutoka sebuleni sheikhe akapaza sauti, akauliza kama baba amepatikana.

"Bado, sheikhe," akajibu, waya ukiwa mkononi mwake. "Mtandao umekatika tena."