Mkono wa Normand Gagnier

Normand Gagnier hajui kukaa. Ukimpa kiti atakaa kwenye ukingo, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni, na kabla kahawa haijapoa atakuwa amekumbuka bawaba ya zizi au mtamba anayekohoa. Mimi ni Delphine, dereva wa lori la maziwa. Siku moja ndiyo, siku moja hapana, nimekuwa nikiingia jikoni kwake tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi, na nilikuwa sijawahi kumwona akimaliza kikombe. Mkewe, Paulette, alishakata tamaa zamani, akawa anammiminia nusu tu.

Shamba lao liko kaskazini mwa jimbo la Vermont, Marekani, juu ya barabara ya Cobble, mahali ambapo theluji ikiamua kukaa hukaa. Chini ni malisho na zizi. Juu, mlima mzima ni msitu wa miti ya sukari, ile tunayoigema kila Machi na kuchemsha utomvu wake mpaka uwe mzito kama asali. Babu yake aliupanda mlima ule kutoka Quebec akiwa na ng'ombe wanne na mke aliyekuwa akimlaumu njia nzima. Normand mwenyewe aliacha shule baba yake alipovunjika nyonga, na hakuona sababu ya kurudi. Anasoma bei za maziwa, anasoma mawingu, na anausoma vizuri mno uso wa mtu anayetaka kumuuzia ng'ombe mgonjwa.

Biashara ya ng'ombe huku kwetu ina adabu zake. Watu wawili husimama kando ya mnyama, mikono imo mifukoni. Watazungumza habari za baridi, wataisema serikali, mmoja atamsifia mnyama na mwingine atamponda. Bei ikishatajwa kwa sauti na pande zote mbili ndipo mkono unatoka mfukoni, na ukishatoka, umetoka. Hakuna karatasi wala shahidi. Mwaka mmoja Normand alimuuzia Lefevre mtamba kwa namna hiyo, na jioni ileile akaja mtu mwingine na bei karibu mara mbili. Mtamba alikuwa bado zizini anatafuna. Normand alimwambia yule mtu, "Huyu unayemwona si wangu, analala kwangu tu," akamfungulia geti aende zake.

Binti yake, Noelle, alikulia hapo, kwenye maonyesho ya ng'ombe, mikono imezama katika mifuko ya ovaroli. Nakumbuka mnunuzi mmoja mcheshi alimnyooshea mkono, mtoto hata meno ya mbele hana, naye akamjibu, "Bei kwanza." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Huyo Noelle alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari alikuwa ameshaamua kwamba atasomea udongo na maji, tena atasomea Wexcombe. Hicho ni chuo binafsi, majimbo mawili kusini mwetu, matofali mekundu na majani yanayotambaa ukutani. Shule iliwapeleka kutembea huko siku moja, akarudi hawezi kula. Alipenda, basi. Kupenda chuo ni kupenda pia, na kunaumiza vilevile.

Oktoba, Bi Stroud, mshauri wa wanafunzi pale shuleni, akaja nyumbani kwao mwenyewe, maana kumtoa Normand zizini ni kazi. Nami nilikuwepo jikoni, nasubiri pampu imalize kunyonya maziwa.

"Ukiomba kwa ahadi," alisema Bi Stroud, "unaomba mapema, chuo kimoja tu. Wakikukubali, umekwenda. Maombi mengine yote unayafuta. Anasaini Noelle, anasaini mzazi, nasaini na mimi."

"Na wao wanasaini wapi?" Paulette aliuliza.

Bi Stroud alicheka kidogo. "Wao hawasaini, Paulette. Wao ndio wanaoombwa."

"Mbona sasa mtu ajifunge?"

"Kwa sababu wanaojifunga wanakubaliwa wengi zaidi. Chuo kinapenda kujua nani anakuja bila kuyumba."

"Na ada?"

"Kuna kikokotoo kwenye tovuti yao. Jazeni, kitawapa picha."

"Picha, au bei?"

"Picha," alisema Bi Stroud, akaangalia viatu vyake. Si mwanamke mbaya. Ana shule mbili za kuhudumia na gari moja bovu.

Mimi mdomo wangu hauna mlango. Nikasema, "Mtoto wa tajiri anaahidi leo bila kuuliza, maana bei yoyote baba yake analipa. Mtoto wa maskini anatakiwa azungushe macho sokoni, alinganishe. Sasa nyie mnamfunga macho halafu mnamwambia amebahatika."

"Delphine, pampu yako imemaliza," alisema Normand, na haikuwa imemaliza. Alichukua kalamu akasaini amesimama. "Wanataka neno la Gagnier? Walichukue."

Kikokotoo walikijaza hapohapo. Noelle anasoma maswali, baba yake yuko kwenye sinki anasugua mikono.

"Baba, wanauliza thamani ya shamba na ardhi."

"Kwani inauzwa?"

"Hawajasema inauzwa. Wanasema thamani."

"Haiuzwi. Andika sifuri."

Akaandika sifuri, na hakuna aliyeshtuka mle jikoni, hata mimi mjuaji. Mtu wa huku ukimuuliza ana nini atakutajia trekta na ng'ombe. Ardhi hatuihesabu, kama tusivyohesabu meno yetu. Kikokotoo kikafikiri kidogo, kikatoa ada ambayo Paulette angeweza kuilipa kwa mayai na asali ya miti. Noelle alimkumbatia mama yake mpaka kiti kikalia.

Katikati ya Desemba nikiwa kwenye chumba cha tangi nilisikia ukelele, nikadhani mtu amekanyagwa na ng'ombe. Kumbe ni Noelle, amekubaliwa. Jumamosi yake, kwenye chakula cha kanisa, watu walisimama wakapiga makofi kabla hata pai ya kuku haijakatwa. Rusty Pelkey, mwenye kiwanda cha mbao, aliushika mkono wa Normand akautikisa kama anayepampu maji kisimani. Binti yake, Tamsin, alikuwa nyuma ya Noelle kwa mwaka mmoja na alikitaka chuo kilekile.

"Umetufungulia mlango, bwana wee!" Rusty alisema. "Wakishaona mtoto mmoja wa huku, watataka wa pili."

Normand hakukaa usiku ule pia, lakini safari hii alikuwa anazunguka kwa furaha.

Halafu ikaja barua ya msaada wa ada. Kikokotoo kilikuwa kimeambiwa sifuri, lakini chuo chenyewe kilikuwa kimetaka karatasi za kodi, na karatasi za kodi zinaujua mlima. Wakauhesabu wote, mti kwa mti. Kwa macho yao Normand alikuwa tajiri aliyejificha ndani ya gambuti. Ada waliyomtaka kwa mwaka ilizidi kile ambacho shamba zima humbakishia.

Bi Stroud alikuja tena, theluji viatuni. "Mnaweza kujitoa," alisema. "Msaada usipotosha, utaratibu wenyewe unaruhusu. Nitawaandikia."

"Nilisaini," alisema Normand.

"Bwana Gagnier, hakuna polisi atakayekuja kukukamata."

"Hata kwa yule mtamba hakukuwa na polisi."

Bi Stroud akasema kwa sauti ya chini, "Sitawaficha. Watu wanaamini vyuo vinakumbuka shule iliyowaangusha. Wenyewe hawasemi, na mimi sina ushahidi. Lakini mwakani kuna Tamsin."

Afadhali asingesema. Kwa wiki nzima hilo ndilo lililozungumzwa dukani kwa Hazel, kati ya mashine ya kahawa na rafu ya risasi. "Gagnier ana mlima mzima na analia njaa," mmoja alisema. Mwingine akaitikia, "Binti akae nyumbani, baba abaki na miti yake, halafu Tamsin wa watu ndiye alipe." Nilikuwa napanga foleni na donati mkononi. Niliwaambia wote wakanyonye barafu, nikatoka bila kulipa, ikabidi nirudi.

Normand akazidi kuwa mtu wa kuzunguka. Alitengeneza geti lisiloharibika. Alihamisha kuni kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, kesho yake akazirudisha. Na asubuhi moja, nikipandisha lori barabara ya Cobble, nikaona tepe za pinki zimefungwa kwenye miti ya sukari, mstari mrefu kupandisha mlima. Nilikanyaga breki mpaka maziwa ya watu yakapiga kelele tangini.

"Normand! Tepe za nini zile?"

"Za kupimia."

"Kupima nini?"

"Kuna mtu wa Boston anataka kujenga. Anasema anapenda mandhari."

"Na wewe unapenda nini?"

Alikuwa ameshika koleo na hakuna alichokuwa anachota.

"Umeshampa mkono?"

"Yeye bado. Chuo ndicho nilichokipa."

"Mjinga wewe," nikamwambia. "Mjinga mwenye heshima zake, lakini mjinga." Nilifunga mlango wa lori kwa nguvu, na machozi yakanitoka kwa hasira, maana ule msitu nimegema ndani yake tangu msichana.

Nilipoingia jikoni Noelle alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ametoka mlimani, theluji mpaka magotini, na mikononi ana fungu la tepe za pinki. Alizitupa juu ya meza, mbele ya mama yake. Baba yake akaingia nyuma yangu na koleo lake.

"Nimewapigia simu Wexcombe," alisema Noelle. "Jana. Niliwaomba waangalie upya. Wakaongeza kidogo, halafu yule mama aliyepokea simu, mpole kweli, akaniuliza kama hatuwezi kukopa kwa dhamana ya ardhi. Leo nimewapigia tena. Nimejitoa."

Normand alishusha koleo taratibu. Sijawahi kuuona uso wake vile, hata siku ya kumzika baba yake. "Umenivunjia neno langu," alisema. "Jina hili halijawahi kurudi nyuma. Hata mara moja."

"Lilikuwa na bei gani, hilo neno?"

"Usinichezee, Noelle."

"Sikuchezei, Baba. Lefevre ulipompa mkono, bei mlikuwa mmeitaja nyote wawili, kwa sauti. Hawa tumewapa mkono kwanza, wakasubiri tushangilie, ndipo wakataja bei. Ungemuuza mtamba namna hiyo?"

Paulette alikuwa ameshika birika hewani. Nje ng'ombe mmoja alilia.

"Ningekufundisha mimi mwenyewe usifanye hivyo," alisema Normand mwishoni.

"Ulinifundisha. Tukasahau wote." Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwikwi za mtoto, maana kile chuo alikitaka na bado alikuwa anakitaka.

Normand alivuta kiti akakaa. Alikaa kiti kizima, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini ya meza. Alikunywa kahawa yake mpaka chini, Paulette akamwongeza, akainywa na hiyo.

Kabla mwaka haujaisha Noelle alituma maombi kwenye vyuo ambavyo milango yake ilikuwa bado wazi, kikiwemo chuo kikuu cha jimbo letu. Aprili chuo hicho cha jimbo kikawaita kuzungumza habari za msaada. Ofisa, kijana mwenye tai ya kijani, aliinuka mezani akanyoosha mkono, tabasamu tele. Normand alibaki na mikono mifukoni.

"Bei kwanza," alisema.

Yule kijana alidhani ni utani. Noelle anasema baba yake alisimama hivyohivyo mpaka karatasi ikageuzwa mezani na tarakimu ikasomwa kwa sauti, ya miaka yote minne. Ilikuwa inabebeka. Ndipo mkono ukatoka. Sasa Noelle anasoma huko udongo na maji, na Machi huja nyumbani kugema. Bado ana fulana ya Wexcombe aliyoinunua siku ile ya safari, huivaa akisafisha mashine za kukamulia.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Desemba iliyofuata Tamsin Pelkey aliomba Wexcombe kwa ahadi, akakataliwa. Huenda ni kwa sababu yetu, huenda alama, huenda waliomba wengi. Chuo hakisemi, na Bi Stroud, aliyekiandikia mara mbili, anasema huo ndio ubaya wake, hakuna wa kumuuliza. Tamsin ni mtoto mzuri. Alikuwa akija kunisaidia kusukuma lori likikwama.

Juzi nilikuwa dukani kwa Hazel, Rusty akaingia, na Normand alikuwa kwenye kaunta. Normand aligeuka, akaenda mpaka alipo, akanyoosha mkono.

"Nasikitika kwa ajili ya Tamsin, Rusty. Kutoka moyoni."

Rusty aliutazama ule mkono. Hakutukana wala hakuondoka, ila mikono yake ilibaki mifukoni.

"Ulijua bei, Normand," alisema. "Stroud alikutajia. Alikutajia Tamsin."

Normand aliushusha mkono wake, akautumia kuchukua mkate aliotumwa na Paulette.